CHETI CHA MWALIMU WA AFYA TWAKITAKA, KIPANDE HATUKITAKI



Siku hizi neno moja latajwa katika kila semina ya wahudumu wa afya ya jamii, nalo ni cheti. Twaambiwa kwamba kazi ya kufundisha watu afya haiwezi tena kuachiwa kila mtu mwenye moyo mwema. Kwamba mwalimu wa afya hana budi kupimwa, kuandikishwa na kupewa hati, na hati hiyo ifanywe upya kila baada ya miaka kadhaa. Wakubwa hulisema neno hili kwa tabasamu. Kisha mmoja wetu akisimama na kuuliza mshahara utakuwa kiasi gani baada ya cheti, tabasamu hutoweka na mkutano hufungwa kwa maombi.

Sisi twasema wazi kwamba cheti twakitaka. Lakini twataka kujua kitaandikwa na nani, kitalipiwa na nani, na kitaleta nini mfukoni mwa mwenye kukishika. Mpaka hapo tutakapojibiwa, yatupasa kuwa macho.

Kwanza tuseme na wenzetu wenyewe. Wako kati yetu wasemao, “Tumefanya kazi hii miaka kumi na mitano bila karatasi, watu watujua, karatasi ya nini?” Twawaheshimu, maana wengi wao ndio waliotuonyesha njia za vijijini. Lakini hapa hatukubaliani nao. Siku ya soko huja mtu na kipaza sauti juu ya gari, amevaa koti jeupe, anauza chupa za maji ya majani ambayo yeye asema yaponya kisukari, presha na kifua kikuu kwa pamoja. Naye hujiita mwalimu wa afya. Mama amsikilizaye atamtofautishaje na mhudumu wetu? Koti lake ni jeupe kuliko letu, na wengine wetu koti hatuna kabisa. Mgonjwa wa kifua kikuu akiacha vidonge vyake mwezi wa tatu kwa sababu ya chupa ile, hali dawa ya kawaida ni ya miezi 6, ugonjwa waweza kurudi ukiwa sugu, na hapo sisi ndio tutakaotumwa kumtafuta mgonjwa na kila aliyelala naye chumba kimoja. Mwenye duka la dawa ana hati ukutani. Mwalimu wa shule ana nambari yake. Bwana Afya ana baraza lake, lililowekwa na sheria ya mwaka 2013. Sisi tunaoingia katika nyumba za watu na kuulizwa siri za watu, twaingia kwa fulana tu.

Tena kazi hii ni ujuzi, wala si maneno matupu. Mhudumu avishapo utepe mkono wa mtoto wa chini ya miaka mitano, ajua kwamba chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na kutoka hapo mpaka 12.5 ni manjano. Ajua pia kwamba mtoto wa nyekundu hangoji siku ya kliniki, hupelekwa leo. Ajua kwamba pakiti ya dawa ya kuhara isipopatikana, mama atatia vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi katika lita 1 ya maji safi, na kwamba akizidisha chumvi amemdhuru mtoto aliyetaka kumwokoa. Ajua kwamba vidonge vya zinki humezwa siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma siku ya pili.

Lakini hayo yote yaweza kusomwa juu ya pakiti. Ualimu waanza baada ya hapo. Kuhara kukikoma siku ya pili, mama huacha zinki siku ya tatu, na mavyaa wake yuko pale pembeni akisema dawa nyingi huharibu tumbo la mtoto. Mhudumu mgeni huanza kubishana. Mhudumu hodari humwamkia mavyaa kwanza, humwuliza alivyowalea wanawe, husikiliza mpaka mwisho, na akiondoka yule mavyaa ndiye mwenye kuhesabu vidonge. Hilo halikufundishwa katika karatasi yoyote tuliyopewa. Mtihani utakaokuwa wa maswali ya kuandika tu utapima nusu ya kazi, tena ile nusu iliyo rahisi. Twataka mpimaji atoke ofisini, avae viatu vya matope, afuatane nasi nyumba kwa nyumba.

Na lugha nayo itazamwe. Mwenzetu wa Kwale hufundisha kwa Kidigo, wa Kitui kwa Kikamba, wa Lodwar kwa Kiturkana, na mjini wote hukutana katika Kiswahili. Kwa nini basi apimwe kwa Kiingereza? Tukifanya hivyo tutawapa vyeti vijana waliomaliza shule jana, ambao hawajaingia nyumba hata moja, na kuwaacha nje akina mama ambao kijiji kizima huwaita usiku. Wengi wetu ni wanawake, na wengi wao shule iliwakatiza njiani kwa kukosa karo au kwa kuolewa mapema. Kudai cheti cha kidato cha nne kabla ya kupima ujuzi wao ni kuwaadhibu mara ya pili.

Sasa tuje kwenye jambo la mshahara, maana hapo ndipo penye mwiba.

Mwaka 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, nchi za dunia zilitangaza kwamba afya ni haki ya msingi ya kila mtu, na zikawataja wahudumu wa afya ya jamii kuwa miongoni mwa watu ambao huduma ya afya ya msingi yawategemea. Hapa kwetu Profesa Miriam Were alikuwa amekwisha kuanza kazi hiyo na wanavijiji wa Kakamega katika miaka ile ile ya sabini. Mwaka 2006 Serikali ikatangaza Mkakati wa Afya ya Jamii. Katika vitabu vya miaka ile tuliitwa wafanyakazi wa afya ya jamii. Baadaye vitabu vikabadilika, tukaitwa watu wa kujitolea. Mwaka 2023 vikabadilika tena, tukawa wahamasishaji.

Ndugu, angalieni ni neno gani lililotoka katika mabadiliko hayo. Ni neno “mfanyakazi”. Mfanyakazi ana mshahara, ana likizo, ana fidia akiumia, ana chama cha kumsemea. Mtu wa kujitolea hupewa shukrani. Mhamasishaji hatujajua bado hupewa nini, ila begi alipewa.

Tarehe 25 Septemba 2023, katika Uhuru Park mjini Nairobi, Rais alituma zaidi ya wahudumu 100,000 nchi nzima wakiwa na mabegi yenye kipima presha, kipima sukari, kipima joto, mizani na simu. Mwezi uliofuata ikatiwa sahihi Sheria ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023. Hayo ni maendeleo nasi hatuyakatai. Kabla ya hapo wengine wetu walilipwa kidogo na kaunti, wengine na wafadhili, wengine na Mungu. Lakini malipo yaliyoahidiwa siku ile yalikuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mhudumu mmoja alipangiwa nyumba zipatazo 100. Basi pigeni hesabu wenyewe, ni shilingi 50 kwa nyumba kwa mwezi mzima. Kwa shilingi 50 hizo yumo mtoto wa kupimwa, mja mzito wa kufuatiliwa, mzee wa presha, choo cha kukaguliwa, na ripoti ya kuandika katika simu. Agizo la mishahara la mwaka 2022 liliweka mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida katika Nairobi kuwa shilingi 15,201.65. Malipo yetu hayafiki thuluthi ya hayo.

Wakubwa hujibu kwamba huo si mshahara, ni posho. Neno hili twalijua. Katika mashamba ya walowezi posho ilikuwa unga wa mahindi uliopimwa kwa kopo, wa kumtia mtu nguvu arudi kazini kesho. Hakuna mzee aliyejenga nyumba kwa posho, wala aliyesomesha mtoto. Twashangaa kwamba miaka sitini baada ya Uhuru neno hilo limetolewa tena katika ghala, likafutwa vumbi, likaletwa kwa watu wenye kutunza afya ya taifa.

Basi tufikiri juu ya cheti kama mafundi wanavyofikiri. Mwashi aliyejifunza kazi kwa mjomba wake, bila kukanyaga chuo, aweza kwenda kufanya jaribio la ufundi la NITA. Akifaulu hupewa daraja la tatu. Baada ya muda hurudi kujaribu la pili, kisha la kwanza. Hakuna amwulizaye alikaa darasa gani, bali huambiwa ajenge kona ya ukuta, nayo hupimwa. Na jambo kubwa ni hili: lile agizo la mishahara lina mstari wa fundi asiye na daraja, lina mstari wa daraja la tatu, wa la pili, wa la kwanza, na kila mstari una fedha zaidi ya ule uliotangulia. Kwa hiyo cheti cha mwashi kina bei. Mwajiri akikipuuza, chama chamfikisha mbele ya afisa wa kazi.

Sisi tulifungua agizo hilo na kupitisha kidole chini ya kila mstari. Tarishi yumo. Yaya yumo. Mlinzi wa usiku yumo. Mwalimu wa afya ya jamii hayumo. Wenye kutuhimiza tufanye mtihani watuambie kwanza mstari wetu utaandikwa wapi. Ikiwa hautaandikwa katika agizo hilo, uandikwe katika mapatano ya kaunti, au katika ngazi za utumishi wa umma. Hatuchagui ukurasa, twachagua kuandikwa.

Tena msidhani kwamba twadai jambo ambalo halijapata kuonekana duniani. Jirani zetu wa Ethiopia walianza mpango wao mwaka 2003. Walichukua wasichana waliomaliza darasa la kumi, wakawafundisha mwaka mmoja, wakawapa hati, wakawaajiri kwa mshahara wa serikali, na idadi yao ikapita 30,000. Ethiopia si nchi tajiri kuliko Kenya. Huko Pakistan wahudumu wanawake walianza mwaka 1994 kwa malipo ya kudunishwa kama yetu. Walifunga barabara, wakaenda mahakamani hadi mahakama ya juu kabisa, na kufikia mwaka 2013 walikuwa wameamriwa kuingizwa katika kazi ya kudumu ya serikali. Hawakungoja mtu awakumbuke.

Wakubwa wengine wakitoka safarini hututajia Marekani. Vema, tuitazame Marekani, lakini tuitazame yote. Kuna huko cheti cha mtaalamu wa elimu ya afya, kinachotolewa na tume ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1988. Mwenye kukitaka awe na digrii ya chuo kikuu yenye masomo ya elimu ya afya, afanye mtihani wa maswali 165, kisha kila miaka 5 aonyeshe saa 75 za kuendelea kusoma. Ni cheti cha heshima nasi hatukidharau. Yafaa vijana wetu wanaosomea afya ya umma katika vyuo vyetu wapate kitu cha namna hiyo hapa nyumbani. Lakini katika nchi hiyo hiyo, jimbo la Texas lilipitisha sheria mwaka 1999 na 2001 juu ya watu kama sisi, ambao wasema Kihispania huwaita promotores, yaani jina lile lile tulilopewa sisi mwaka 2023. Huko cheti kina milango miwili. Mlango mmoja ni masomo ya saa 160. Mlango wa pili ni saa 1,000 za kazi iliyokwisha kufanywa na kuthibitishwa. Aliyefanya kazi hahitaji kurudi darasani kuambiwa alichokuwa akifundisha wengine. Na ada ya maombi hakuna. Kila miaka miwili huonyesha saa 20 za masomo, basi.

Wakituletea ule mlango wa digrii peke yake na kuuficha huu mwingine, tutajua walichokusudia.

Saa 1,000 ni nini kwetu? Mhudumu atokaye siku tatu kwa wiki, saa nne kila siku, hupita saa 600 kwa mwaka. Kwa miaka miwili amekwisha kuivuka hesabu ya Texas. Wala Serikali haiwezi kusema haijui saa zetu, maana simu ile ya kazi huandika kila nyumba tuliyoingia. Ikiwa maandishi hayo yatosha kutukemea mwezi tusipofikisha nyumba, yatosha pia kutupa cheti. Nayo Serikali yenyewe ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini nje ya darasa. Imeiandika kwa ajili ya mafundi wa jua kali. Na itumike kwetu.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya wahudumu wa afya ya jamii. Mwongozo huo washauri kwamba waliomaliza mafunzo yao wapewe cheti rasmi kinachopima uwezo wa kazi. Maofisa hupenda kuisoma sehemu hiyo. Lakini mwongozo huo huo washauri kwamba mhudumu alipwe fedha zinazolingana na uzito wa kazi yake. Kwamba awe na mkataba wa maandishi wenye kutaja kazi, malipo na haki zake. Na kwamba malipo yasitegemee hasa kuhesabiwa alichofikisha. Hatukubali kusomewa nusu ya barua. Na Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yasema kila mfanyakazi ana haki ya malipo ya haki, na haki ya kuingia katika chama. Labda ndiyo maana jina la mfanyakazi lilitolewa.

Kuna jibu jingine tunalopewa, la upole zaidi, kwamba mshahara utaua moyo wa kujitolea. Daktari alipwa, na moyo wake haujafa. Muuguzi alipwa. Padre na imamu hula pia. Kwa nini moyo ulio hatarini ni wa mama wa kijijini peke yake?

Juu ya ada twatoa onyo. Katika kaunti moja, wenzetu waliambiwa na chuo kimoja cha binafsi kwamba cheti cha elimu ya afya kitawapandisha. Waliuza kuku, wengine mbuzi, wakalipa. Masomo yalikuwa ya siku za Jumamosi kwa miezi mitatu, na mengi yalikuwa yale yale tuliyokwisha kufundishwa bure. Walipopeleka vyeti kwa mkubwa wao alivitazama mbele na nyuma, akasema havitambui. Vyeti vile sasa viko ndani ya plastiki ukutani, na mbuzi hawako. Hatumtaji mtu, twasema tu kwamba pakiwa na hamu ya cheti bila sheria ya cheti, wachuuzi hufika kabla ya Serikali.

Wazee wetu walipata kushika cheti kimoja. Kuanzia mwaka 1920 hivi kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alivaa kipande shingoni ndani ya kibati. Kiliandikwa jina, kazi aliyofanya, mshahara aliopata, siku aliyoanza na siku aliyoachishwa. Kwa macho ya haraka mtu angesema ni hati nzuri ya ujuzi. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa mwajiri. Asipotia sahihi ya kumwachia mtu, mtu huyo hakuweza kuandikwa kazi kwingine. Wafanyakazi walikipinga miaka mingi mpaka kikaondolewa mwaka 1947. Twakikumbusha kwa sababu cheti kisicho na mshahara, kiwezacho kunyang'anywa na mkubwa wa kituo kwa hasira zake, kisicho na mahali pa kukata rufani, hicho nacho ni kipande, hata kikiwa na picha ya rangi na muhuri wa kung'aa. Baraza litakalotoa vyeti vya walimu wa afya liwe na wahudumu waliochaguliwa na wahudumu wenzao, wakae mezani wakati maswali yanapotungwa na wakati mashtaka yanapokatwa.

Sasa kazi ya matawi. Kila mwanachama anunue daftari. Aandike tarehe, saa aliyotoka, saa aliyorudi, idadi ya nyumba, na jambo alilofundisha; majina ya wagonjwa asiyaandike kamwe. Mwisho wa mwezi amwombe muuguzi wa kituo atie sahihi. Barua za semina zote, hata za miaka ya nyuma zilizoliwa na mchwa pembeni, zinakiliwe na nakala moja ikabidhiwe katibu wa tawi. Mtu asilipe ada kwa chuo chochote kabla katibu hajauliza na kupata jibu la maandishi kama cheti chake kinatambuliwa. Na akiitwa katika semina ya habari za cheti, aulize swali la mstari wa mshahara, aandike jibu, na jina la cheo cha aliyejibu. Majibu hayo tutayachapa katika karatasi hii kama yalivyo. Asiye na daftari aanze Jumatatu.